Taslimu, kadi au simu: Mtego uliomo katika malipo ya huduma za usindikizaji

KATIKA kituo cha biashara cha Endarasha, chini ya milima ya Aberdare, mkulima anayeuza viazi au kabeji zake hahitaji kumuuliza mnunuzi iwapo ana kadi ya benki. Atalipwa noti mkononi, au simu yake italia na kumletea ujumbe wa M-Pesa.

Jioni inapoingia, pesa hizo huanza safari nyingine. Nyingi huishia dukani, shuleni, kwenye Sacco na katika vyama vya akina mama. Lakini sehemu yake, ambayo haitajwi mbele ya watoto wala kanisani, huteremka hadi Mweiga, Nyeri mjini na Karatina, au hukwea hadi Nanyuki. Huko huwalipa wanawake, na mara nyingine wanaume, wanaouza wakati wao, uchangamfu wao na mara nyingi ngono.

Biashara hiyo ina majina mengi. Wanaoitangaza katika intaneti huiita huduma za usindikizaji. Wahubiri na maafisa wa polisi huiita ukahaba. Makala haya hayakusudii kuitetea wala kuitolea mahubiri, bali kufafanua jambo moja ambalo wengi hulipuuza hadi wapatwe na hasara, nalo ni njia ya kulipa.

Katika nchi za Magharibi mjadala umekuwa kati ya kadi ya mkopo na pesa taslimu. Hapa kwetu kuna njia ya tatu, simu ya mkono, na ndiyo iliyobadilisha mambo zaidi. Hata hivyo, katika njia zote tatu maswali ya msingi ni mawili tu. Je, ni nani anayeweza kuzirudisha pesa baada ya kutolewa? Na je, ni nani anayebaki na ushahidi?

Mwenye kununua ng'ombe au mbegu hana haja ya kujisumbua sana na maswali hayo, kwa kuwa akidhulumiwa ataenda mahakamani. Katika biashara hii mahakama haipo. Hapo ndipo tatizo lote linapoanzia.

Sheria yasemaje?

Kwanza ni vyema kutenganisha mambo mawili. Kumlipa mtu mzima ili aandamane nawe katika karamu au safari si kosa nchini Kenya. Tatizo huja pale usindikizaji unapokuwa jina la heshima tu la kuuza ngono.

Kanuni ya Adhabu haina kifungu kinachotaja kuwa kosa tendo lenyewe la watu wazima wawili kulipana faraghani. Lakini wavu ulioizunguka biashara hiyo ni mpana. Kifungu cha 153 kinamwandama mwanamume anayeishi kwa mapato ya ukahaba, au anayewashawishi watu hadharani kwa nia hiyo mara kwa mara. Kifungu cha 154 kinamwandama mwanamke anayeishi kwa mapato hayo au anayeuongoza ukahaba wa mwingine kwa faida yake. Vifungu vinavyofuata vinawagusa wenye nyumba na wanaoendesha madanguro.

Aidha, Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006, katika kifungu cha 17, inamwadhibu yeyote anayemwingiza mtu katika ukahaba au kuisimamia kazi yake kwa faida. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka mitano, faini ya Sh500,000, au vyote viwili. Juu ya hayo kuna sheria ndogo za kaunti ambazo askari huzitumia kuwakamata wanaosimama barabarani usiku.

Matokeo yake ni kwamba makubaliano ya malipo hayana nguvu yoyote. Sheria yetu ya Mikataba inafuata mikataba ya jadi ya Uingereza, na msimamo wa huko ni wa zamani mno. Mnamo 1866, katika kesi ya Pearce na Brooks, mafundi wa magari ya kukokotwa na farasi walimshtaki mwanamke aliyekodisha gari lao na kukosa kulipa. Kwa kuwa walijua alikuwa kahaba na kwamba gari lilikuwa la kumsaidia katika kazi hiyo, majaji walikataa kuwasaidia. Mkataba uliofungamana na jambo lisilo la maadili, walisema, hauwezi kudaiwa kortini.

Baadhi ya nchi zimeuacha msimamo huo. Ujerumani ilipitisha sheria iliyoanza kutumika mwaka 2002, ikimruhusu mhusika kudai malipo yake kisheria. New Zealand ilifuata mwaka 2003 kwa kutamka kwamba mkataba wa aina hiyo haubatiliki kwa sababu tu ya kinachouzwa.

Kenya haijafanya hivyo. Kwa hivyo msichana wa Nanyuki asiyelipwa hana pa kulalamikia, na mkulima wa Endarasha aliyelipa na kuachwa kwenye mataa hana pa kwenda kudai. Kila mmoja hulazimika kujilinda kwa njia ya malipo anayoichagua.

Taslimu: Kongwe na bubu

Pesa taslimu ndizo zilizoijenga biashara hii nchini. Mwanahistoria Mmarekani Luise White, katika kitabu chake kuhusu ukahaba wa Nairobi ya wakati wa ukoloni kilichochapishwa mwaka 1990, aliandika habari za wanawake wa Pumwani na Pangani ya zamani. Alichokipata kinaonyesha kwamba swali la malipo si geni hata kidogo.

Kulikuwa na wanawake walioitwa malaya, neno ambalo leo ni tusi. Hao walikaa vyumbani mwao wakingoja mteja aje, wakampa chai, maji ya kuoga, chakula na mazungumzo. Kwa maneno ya leo tungewaita wasindikizaji. Walithamini heshima yao mbele ya majirani, kwa hivyo hawakupenda kugombana na mteja aliyekataa kulipa.

Kisha wakaja wengine walioitwa wazi-wazi, ambao walikaa milangoni na kutaja bei bila haya. Mteja akiwadhulumu, walipiga mayowe hadi mtaa mzima ukusanyike. Wa kwanza walilinda jina na kuhatarisha pesa. Wa pili walilinda pesa na kulitoa jina kafara. Wengi wa wanawake hao wa zamani walitumia mapato yao kununua au kujenga nyumba jijini.

Mizani hiyo haijabadilika. Faida ya taslimu kwa anayepokea ni kwamba noti ikishaingia mkononi haiwezi kuitwa irudi. Hakuna benki wala kampuni ya simu itakayopokea malalamiko ya mteja asubuhi. Ndiyo maana desturi ya kulipwa kwanza, kabla ya lolote, imeenea kote duniani katika kazi hii.

Kwa anayelipa, faida ni ukimya. Noti haiandiki jina la mtu, haiingii katika taarifa ya akaunti, wala haitumi ujumbe simu ikiwa mezani karibu na mke.

Lakini ububu huo una gharama. Anayerudi nyumbani usiku na noti kwenye mkoba ni windo la majambazi. Akikamatwa katika msako, noti hizo ni rahisi kuporwa au kuombwa kama hongo, na hana risiti ya kuonyesha kuwa zilikuwa zake. Noti bandia nazo hupenya kwa urahisi katika mwanga hafifu wa baa.

Zaidi ya hayo, pesa zilizofichwa chini ya godoro hazina historia. Mwaka 2019 Benki Kuu ya Kenya ilipoleta noti mpya, ile ya zamani ya Sh1,000 ilipoteza thamani yake baada ya Septemba 30. Kila aliyekuwa na akiba ya siri alilazimika kuitoa gizani na kuipeleka benki, au aipoteze.

Kadi: Pesa zenye kamba

Kadi ya malipo ilianzia Marekani. Diners Club ilianzishwa New York mwaka 1950 kwa ajili ya watu waliotaka kula hotelini bila kubeba noti. Mwaka 1958 Bank of America ilitoa kadi ya mkopo huko California, ambayo tangu 1976 inajulikana kama Visa.

Wengi hudhani kulipa kwa kadi ni sawa na kutoa noti, tofauti ikiwa mashine tu. Sivyo. Kadi ikipitishwa, pesa haziruki kutoka mfuko mmoja hadi mwingine. Benki ya mteja huahidi kuilipa benki ya mfanyabiashara kupitia kampuni ya kadi, nayo benki ya mfanyabiashara humwekea pesa zake baadaye ikiwa imekata ada.

Ahadi hiyo ina kamba. Mteja anaweza kuiambia benki yake kwamba hakuyaidhinisha malipo, au kwamba hakupata alichoahidiwa. Kwa mizozo mingi ana muda wa siku 120. Benki yake huyavuta malipo nyuma, na ni juu ya mfanyabiashara kuthibitisha kwamba alitoa huduma.

Kwa muuza viatu hilo si gumu, maana ana risiti na sahihi. Lakini msindikizaji atapeleka ushahidi gani? Akieleza alichofanya, amejishtaki. Asipoeleza, amepoteza pesa. Mteja asiye mwaminifu hulijua hilo, na ndiyo sababu kadi, inayomlinda sana mnunuzi, haipendwi na anayeuza.

Kuna kizuizi kingine. Kampuni za kadi huipa kila biashara nambari ya kuitambulisha. Katika orodha hizo, nambari 7273 imetengewa huduma za kuwaunganisha wapenzi na usindikizaji. Benki huiona biashara ya aina hiyo kuwa ya hatari, huitoza ada kubwa zaidi au huikataa kabisa.

Hivyo baadhi ya mawakala wa usindikizaji ulimwenguni hujiandikisha kama watoaji wa huduma za kukanda mwili, usafiri au maua. Ulaghai huo ukigunduliwa akaunti hufungwa na pesa zilizomo huzuiliwa. Hapa Kenya wakala wa namna hiyo angekuwa na tatizo kubwa zaidi. Kusimamia kazi ya mwingine kwa faida ni kosa la jinai, na Sheria ya mwaka 2009 dhidi ya ulanguzi wa fedha inazitaka benki kuripoti shughuli wanazozishuku.

Nguvu za kampuni hizi zilionekana wazi mwaka 2015. Mkuu wa polisi wa Cook County, kaunti iliyo na jiji la Chicago, Bw Thomas Dart, aliziandikia Visa na Mastercard akizitaka ziache kuhudumia Backpage, tovuti iliyojaa matangazo ya usindikizaji. Zilijiondoa mara moja. Mahakama ya rufaa iliamua mwezi Novemba mwaka huohuo kwamba afisa huyo alikiuka uhuru wa kujieleza kwa vitisho vyake. Hata hivyo, tovuti hiyo ilifungwa na serikali ya Marekani mwezi Aprili 2018, kukiwa na tuhuma za ukahaba na ulanguzi wa binadamu.

Waliounga mkono hatua hiyo walisema wasichana wengi waliokuwa wakiuzwa bila hiari wameokolewa. Watetezi wa wanaofanya kazi hiyo kwa hiari walijibu kwamba waliofungiwa mlango walirudi barabarani, ambako hawana nafasi ya kumchunguza mteja kabla ya kukutana naye. Mjadala huo haujaisha.

Katika miji ya Mlima Kenya, kadi hutumika upande mmoja tu wa shughuli. Mgeni katika hoteli ya watalii ya Nanyuki au Mweiga hulipia chumba, chakula na vinywaji kwa kadi. Aliyeandamana naye hulipwa kando, kwa noti zilizotolewa kwenye mashine ya benki au kwa simu.

Simu: Njia yenye kumbukumbu

M-Pesa ilianzishwa na Safaricom mwezi Machi 2007. Wakati huo lengo lililotangazwa lilikuwa kuwawezesha watu kutuma pesa nyumbani. Haukupita muda kabla ya kutumiwa kulipia kila kitu, tangu nauli ya matatu hadi sadaka.

Janga la corona liliongeza kasi hiyo. Kuanzia Machi 2020 hadi mwisho wa mwaka huo, ada za kutuma pesa zisizozidi Sh1,000 ziliondolewa ili watu wapunguze kugusana kwa noti. Waliokuwa bado wanashikilia taslimu walizoea simu.

Kwa upande mmoja, simu ni kama taslimu. Pesa hufika papo hapo, haijalishi mteja yuko Endarasha na anayelipwa yuko Karatina. Anayelipwa hana haja ya kubeba noti usiku. Isitoshe, anajijengea rekodi ya mapato inayoweza kumsaidia kukopa. M-Shwari, iliyoanza mwaka 2012, na Fuliza, iliyoanza mwaka 2019, huangalia jinsi mtu anavyotumia akaunti yake, si kazi anayoifanya.

Lakini kwa upande mwingine simu inafanana na kadi. Anayetuma anaweza kudai kwamba alikosea nambari na kuomba malipo yatenguliwe kwa kuupeleka ujumbe wake kwa nambari 456. Pesa zikiwa bado zimo katika akaunti ya mpokeaji, zinaweza kuzuiliwa huku dai likichunguzwa. Wateja wajanja hulitumia pengo hilo. Hulipa, hupata walichotaka, kisha hudai walikosea wakiwa bado njiani kurudi nyumbani.

Kwa sababu hiyo wengi wanaopokea pesa hizo huzitoa au kuzihamisha mara moja. Akaunti ya Pochi la Biashara, ambayo Safaricom iliianzisha mwaka 2020 kwa wafanyabiashara wadogo, nayo ilibuniwa ili mteja asiweze kutengua malipo kiholela, na ili pesa za kazi zisichanganyike na za nyumbani.

Kuna pia ujumbe bandia. Mteja hutuma ujumbe ulioandikwa kama wa M-Pesa, jina na kiasi vikiwa sahihi, ilhali hakuna senti iliyoingia. Kinga ni moja tu: kuangalia salio, si ujumbe.

Kula nauli

Mteja naye ana kilio chake. Yeyote aliyeishi Kenya katika miaka hii amesikia habari za kula nauli. Mwanamume huzungumza na mwanamke mtandaoni, wakakubaliana, naye akaombwa atume nauli au arubuni ya chumba. Akishatuma, simu ya upande wa pili huzimwa.

Ni utapeli rahisi kwa sababu unategemea aibu. Mtu aliyetuma nauli kutoka Endarasha hatakwenda katika kituo cha polisi kueleza kwamba alikuwa akimngoja nani katika chumba cha kulala wageni. Tapeli analijua hilo, na kiasi anachoomba huwa kidogo kiasi kwamba mdhulumiwa hunyamaza na kumeza machungu.

Taslimu hukomesha utapeli huo, kwani watu hulipana wakiwa wameonana. Lakini hapo anayesafiri ndiye anayebeba hatari. Mwanamke atafunga safari usiku kwa gharama yake bila hakika kwamba mteja yupo. Nauli ya simu, kwa hivyo, si utapeli nyakati zote; mara nyingi ni dhamana halali ya anayeogopa kufika na kukuta mlango umefungwa.

Mchele kwenye glasi

Hatari kubwa zaidi ya simu haihusu ujumbe bandia wala nauli. Inahusu kile ambacho Wakenya hukiita kuwekewa mchele, yaani kutiliwa dawa za kulewesha katika kinywaji.

Zamani aliyelazwa kwa dawa aliamka akiwa amepoteza noti zilizokuwa mfukoni na labda saa yake. Hasara ilikuwa na mpaka. Leo mfuko wa mtu ni simu yake. Mwizi akiipata pamoja na nambari ya siri, atachukua salio, kisha akiba, kisha mkopo ambao mwenyewe hakuuomba. Mdhulumiwa huamka akiwa na deni.

Tuchukulie mkulima aliyelipwa mauzo ya viazi vya msimu mzima kwa simu, kisha akaingia baa ya mjini jioni ileile. Angekuwa na noti mbili za Sh1,000 na simu ameiacha nyumbani, angepoteza Sh2,000. Akiwa na simu, anahatarisha karo ya watoto na mbegu za msimu ujao. Watakaolipa gharama hiyo ni watu ambao hawakuwa katika baa hiyo.

Aidha, dawa hizo zimewahi kuua. Anayeshuku kwamba amewekewa mchele anapaswa kupelekwa hospitalini kwanza, kisha laini yake ifungwe na kampuni ya simu, halafu polisi wajulishwe.

Jina katika ujumbe

Kwa wanawake wa maeneo madogo, hata hivyo, hatari wanayoiogopa zaidi ni nyingine. Laini ya simu husajiliwa kwa kitambulisho, na M-Pesa huonyesha jina la anayepokea kabla ya pesa kutumwa. Mwanamke anayejiita kwa jina la kazi mjini Nyeri hufichuliwa na malipo ya kwanza.

Jijini Nairobi jina la kitambulisho ni moja kati ya mamilioni. Katika lokesheni kama ya Endarasha, jina la pili na la tatu humtaja baba na mara nyingi ukoo mzima. Mteja anayetoka upande huohuo atajua mara moja huyo ni binti wa nani, anasali kanisa gani na watoto wake wanasoma wapi. Wakala wa kutoa pesa naye huenda ni jirani.

Hali ni hiyohiyo kwa mteja. Jina lake hubaki katika simu ya mtu asiyemfahamu. Ikiwa mtu huyo ana nia mbaya, picha ya ujumbe wa malipo hugeuka silaha: tuma kiasi fulani, ama mkeo na mchungaji wako wataiona.

Sheria inalikataza jambo hilo bila kujali aliyetishwa alikuwa akifanya nini. Kudai pesa kwa vitisho ni kosa katika Kanuni ya Adhabu. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inaadhibu unyanyasaji wa mtandaoni na usambazaji wa picha za faragha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 nayo inamzuia mfanyabiashara kuitumia nambari ya mteja kwa jambo ambalo hakuipatiwa. Anayetishwa hafai kulipa, kwani malipo ya kwanza huzaa dai la pili. Ahifadhi ujumbe wote na kuuwasilisha kwa polisi.

Ushahidi hukata pande mbili

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika biashara hii daftari lenyewe ndilo linaloogopwa, lakini pia ndilo linaloweza kuokoa.

Rekodi za kielektroniki hukubalika kortini zikiambatanishwa na cheti kinachohitajika na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Taarifa ya M-Pesa au ya kadi inaweza kuletwa katika kesi ya talaka, kwani uzinzi ni sababu mojawapo ya kuvunja ndoa katika Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014.

Inaweza pia kuletwa katika kesi nzito zaidi. Anayemlipa mtoto wa chini ya miaka 18 kwa ngono anakabiliwa na kifungo kisichopungua miaka 10 katika Sheria ya Makosa ya Kingono. Anayemsafirisha mtu kwa nia ya kumtumia vibaya huhukumiwa kwa Sheria ya Kukabiliana na Ulanguzi wa Binadamu ya mwaka 2010, ambayo adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30 au faini isiyopungua Sh30 milioni. Katika kesi kama hizo, nauli iliyotumwa kwa simu huonyesha nani alilipa, lini na kiasi gani. Anayesisitiza kulipa noti pekee huenda analinda ndoa yake. Huenda pia analificha kosa ambalo jamii nzima ingetaka lifichuliwe.

Vilevile, mwanamke aliyepigwa au kubakwa ana haki ya kushtaki hata kama alikuwa amelipwa. Malipo si ridhaa ya kupigwa, wala si ridhaa ya jambo ambalo hakulikubali. Hapo ujumbe wenye jina la aliyelipa unaweza kuwa kitu pekee kinachoonyesha alikuwa na nani usiku huo. Aliyelipwa taslimu na mtu aliyetoa jina la uongo hana hata uzi wa kuanzia.

Nambari ya bure ya 1195 hupokea taarifa za dhuluma za kijinsia nchini kote, na 116 hushughulikia watoto. Kuna pia mashirika yanayowapa msaada wa kisheria na wa afya wanaofanya kazi hii, likiwemo BHESP la Nairobi, ambalo lilianzishwa mwaka 1998.

Kwa muhtasari, kadi humlinda anayelipa, taslimu humlinda anayelipwa, na simu humlinda yule aliye mwepesi zaidi kati yao. Taslimu huficha wote wawili, pamoja na mwizi na mlanguzi. Kadi na simu huwaandika wote wawili, na maandishi hayo humsubiri yeyote atakayeyahitaji kesho, awe mke, hakimu, tapeli au daktari wa maiti.

Maadamu sheria haiyatambui makubaliano yao, hakuna njia kati ya hizo inayoweza kumpa yeyote hakika. Mkulima wa Endarasha anayeshuka mjini na mauzo ya msimu mzima ndani ya simu yake angefanya vyema kulikumbuka hilo kabla ya kuagiza kinywaji cha kwanza. Naye mwanamke anayemngoja huko, huku jina la babake likiwa limeandikwa katika kila malipo anayopokea, hahitaji kukumbushwa.